Ngumi ya Nani?

Jana usiku Hanifa alinifuma jikoni. Nilikuwa napakua matoke, na kabla sijaweka upawa chini nikakunja ngumi nikaishikilia juu ya sahani. Nafanya hivyo siku zote, hata sijioni.

"Mama, unataka kukipiga chakula?"

Nikacheka. Jibu halikuja.

Ngumi hiyo ilikuja na mimba yake. Kwa Shafi, mtoto wangu wa kwanza, hakuna aliyenipima sukari. Alizaliwa na kilo 4.3, nusu ya mtaa wetu wa Walukuba wakaja kumbeba, na mama mkwe akajisifu kwamba matoke yake yamefanya kazi. Mimba ya pili, mkunga aliposikia hizo kilo hakusifu kitu. Akaniambia nirudi wiki ya 26, asubuhi, bila hata chai. Nikapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji, tamu ya kuchefua, nikakaa kwenye benchi muda wa saa mbili nikipigana na tumbo. Kumbe nilishafeli kabla ya kuonja: damu ya njaa ilisoma 5.6, na kwa mjamzito ikifika 5.1 tayari ni kisukari cha mimba. Nikajitetea kwamba hata soda sinywi. Mkunga akasema si soda tu, kondo la nyuma lenyewe linatoa homoni zinazoizuia insulini, na mwili wangu haukuweza kuongeza ya kutosha.

Matoke hakunikataza. Alichokataza ni ile sahani yetu ya Uganda, matoke na wali na kiazi kitamu na posho, yaani ugali, vyote kwa pamoja, halafu tunauliza mboga iko wapi. Chagua kimoja, akasema, kiasi cha ngumi moja. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, dodo au nakati, na pembeni maharage au samaki. Usiruke mlo, usijishindishe njaa.

Sasa mwambie hayo mama mkwe aliyepanda matatu kutoka Bugiri na mkungu mzima wa ndizi.

Jioni ile alifungua majani ya mgomba na mvuke ukamfunika uso. Matoke yalikuwa ya njano kabisa, laini, yamepondwa vizuri. Akanijengea mlima, akaumwagia mchuzi wa karanga. Mimi nikaweka ngumi kando ya mlima, nikakata kipande kinacholingana nayo, kilichobaki nikakirudisha kwenye majani. Mume wangu akazama kwenye simu.

"Mama Shafi. Chakula changu kimekuwa sumu?"

"Hapana, Mama. Mkunga kasema ngumi moja."

Akanyamaza. Kisha akafuta mkono kwa leso, akaukunja, akauweka mkekani mbele yangu. Mkono wa jembe ule, vifundo kama tangawizi. Wangu ukiwa kando yake ulikuwa kama wa mtoto.

"Ngumi ya nani?"

Nikaguna.

"Hakusema ya nani. Na anayepakua ni mimi."

Nilicheka mpaka Hanifa akanipiga teke kutoka ndani. Basi usiku ule nikala ngumi ya mama mkwe na dodo sufuria nzima, nikatembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Saa mbili baada ya kula nikajidunga kidole. Umeme ulikuwa umekatika, yeye ndiye aliyenishikia tochi. Kimashine kikaandika 6.9. Nilikuwa nimeambiwa isizidi 6.7. Nilipomweleza hakusema kitu, akazima tochi.

Kesho yake jioni, kabla ya kupakua, akanyoosha mkono: "Lete." Akaukunja mkono wangu mwenyewe, akaushikilia juu ya matoke, akakata kuufuata. Ikawa hivyo kila jioni hadi nikajifungua. "Lete."

Hanifa alizaliwa na kilo 3.4. Wakamdunga kisigino, kwa sababu sukari ya watoto wa mama kama mimi huweza kushuka baada ya kuzaliwa, wakaniambia nimnyonyeshe haraka. Yangu ikarudi sawa, na nyumba nzima ikafurahi kwa thermosi ya uji wa wimbi uliojaa sukari, kwamba mzazi lazima apate maziwa. Nilikunywa. Mama mkwe hakuniomba mkono tena, na mimi sikumpa.

Kadi yangu ilisema nirudi kupimwa baada ya wiki sita, maana aliyewahi kupata kisukari cha mimba yuko karibu na kile cha kudumu. Niliiweka droo moja na kadi ya chanjo ya Hanifa. Ya kwake sikukosa hata tarehe moja. Kwa yangu nilikwenda akiwa na miaka mitatu. Ikasoma 6.3 na njaa. "Si kisukari bado," mkunga akasema, na lile "bado" nimekuja nalo nyumbani.

Jana Hanifa aliweka ngumi yake kando ya yangu. "Yangu ndogo," akasema. "Ya jaja je?" Ndivyo anavyomwita bibi yake.

Nikampakulia. Yangu nikaipima vizuri, halafu nikaongeza kidogo.