Mtaro wa mjumbe

2016 tulikuwa fildi Tandale, mimi na wenzangu wa chuo, tunachora ramani ya mitaro. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, ilishaanza Dar mwaka mmoja nyuma, wanafunzi wanazunguka na wenyeji kata kwa kata, na sisi tukapewa kipande cha karibu na mto Ng'ombe. Kutwa nzima raba zimelowa, mmoja kashika GPS, mmoja tepu anapima upana na kina, mwingine anaandika: wa zege, wa udongo, umeziba. Aliyetupitisha vichochoroni ni mama mmoja mjumbe, tulipofika kwake akatuonyesha alama ya tope ukutani, iko usawa wa kitasa cha mlango, akasema maji yalifika hapo na watoto aliwapandisha juu ya kabati.

Kazi ya kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, ilikuwa yangu. Kila siku nikirudi naingiza leya mpya, yaani tabaka la ramani linalowekwa juu ya mengine, mitaro2, mitaro_mpya, mitaro_mwisho, zikafika ishirini na kitu halafu nikaprinti karatasi kubwa ya A0 tukaibandika ofisi ya serikali ya mtaa.

Mama kasogea, kidole kikapita msikitini, kikapita kisimani, kikafika kwake kikasimama.

"Mwanangu, mtaro wangu uko wapi?"

Mtaro ulikuwepo kwenye data, mita kwa mita, tatizo poligoni ya mafuriko, yaani umbo la eneo linalofurika, nilikuwa nimeiweka juu kabisa, bluu nzito isiyopenya kitu, kwa hiyo pale maji yanapoingia ndani ya nyumba za watu ndipo hapo hapo mitaro yote imepotea. Roho iliniuma sana.

"Upo mama, mimi ndo nimeufunika. Nisamehe, kesho naleta nyingine."

Usiku ule sikulala. Nikaunganisha mitaro yote ikawa leya moja, tarehe nikaziweka kwenye safu yake, nikatengeneza makundi: Maji, Njia, Majengo, Mipaka, Picha. Picha ya droni chini kabisa, juu yake mafuriko nimeyafifisha mpaka unaona paa za nyumba, kisha majengo, kisha barabara, mitaro juu ya hizo zote na vituo vya maji juu zaidi. Leya ya mipaka ndo ilinisumbua mpaka saa tisa usiku, ilitoka kwenye ramani ya zamani ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, na mimi niliiandika WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, ikawa imehama karibu mita 300, yaani nusu ya mtaa iko kwa jirani. Nilivyoirekebisha ikakaa.

Asubuhi mama kaja na majirani wawili. Kaufuata mtaro kwa kidole toka mlangoni kwake mpaka mtoni, taratibu, kisha kaomba peni.

"Hapa mmekosea, unakata kushoto kwanza, nyuma ya choo cha jirani."

Nikafungua laptopu pale pale.