Masika ni ya kusuka, si ya kutia rangi

Mvua za masika zikishika Pemba, Machi mpaka Mei, wageni hupungua na maduka ya Mji Mkongwe huagiza mikoba kwa kusitasita. Vikundi vya ukili, ule utepe wa kusukwa unaoshonwa ukawa mkoba au mkeka, hujiona havina kazi. Kazi ipo, ila si ile ya Januari. Unyevu ule ule unaoozesha ukindu mbichi, yaani majani ya mkindu, ndio unaozilainisha chane kavu, vile vipande vyembamba vya jani, zikasukika bila kukatika.

Basi kukata, kuanika na kutia rangi kuishe wakati wa kaskazi, msimu wa jua kabla ya masika. Hukatwa kuti changa la katikati, kabla halijafunguka. Likikauka nje tu, ndani hubaki maji, na furushi zima hufanya kuvu. Yale madoa meusi hayatoki hata ukianika upya. Rangi nayo ijaribiwe mapema: rowesha chane moja, ibane ndani ya kitambaa cheupe. Ikichafua, suuza tena. Nyekundu ndiyo msumbufu kuliko zote, na ikichuja juu ya nyeupe mkekani, mkeka umekwisha.

Anayetaka fedha ya haraka asuke majamvi ya kuanikia, ya miyaa, yaani majani ya mkoma. Karafuu inakuja, na karafuu iliyoanikwa barabarani huokota mchanga.

Utulivu wa masika hasa ni wa kubuni maua, yaani nakshi za ukili. Chukua chane 13, mbili nyekundu zikiwa jirani, zilizobaki nyeupe. Kila chane hupita mshazari mpaka ukingoni, hujikunja, hurudi. Kwa hiyo zile mbili zitachora njia ya nyoka urefu wote wa ukili. Zitenganishe, moja ianzie kulia na moja kushoto, njia zitakatana na kuzaa vidirisha. Suka shubiri mbili tu za kila jaribio, uzitundike ukutani.

Ua zuri kwenye ukili laweza kuvurugika mkekani. Mkeka hushonwa kwa kuzungusha ukili mmoja mrefu kama bomba, kisha bomba hupasuliwa. Mzunguko usipogawanyika sawasawa kwa urefu wa ua, kila mstari husogea kidogo na ua hukimbilia pembeni. Ua likijirudia kila sentimita 16, fanya mzunguko wa sentimita 128: maua manane kamili. Kwa mkeka wa sentimita 180 na ukili wa upana wa sentimita 6 ni mizunguko 30. Ongeza miwili, maana mshono hula kingo. Jumla ni kama mita 41, yaani karibu pima 23. Pima kabla ya kushona, maana ukili ukipungua katikati, wa kuungia hautalingana rangi.

Wengi huchukua nakshi kwenye milango ya kuchongwa na kwenye kanga. Milango ina mistari iliyopinda, na ukili haupindi. Chukua minyororo yake, yale maua ya duara yaache. Kanga ni rahisi zaidi, mpaka ufike kwenye pindo. Juu na chini utalipata kwa kuanzia na kumalizia na ukili wa rangi moja iliyokoza. Ubavuni halipo, kwa sababu hapo ndipo mkasi ulipopita. Suka taraza, ukili mwembamba wa ukingoni, ya rangi ile ile, uishone mara mbili kwenye ukingo uliokatwa. Mshono mmoja hufumuka pale mkeka unapokunjwa.