Mjane wa Khor Virap

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri kule Marangu tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu. Watoto wa mtaa mzima tulipita kwenye shule yake ya Jumapili, na ilipofika Mwanzo sura ya nane, pale safina inapotua juu ya milima ya Ararati, alikuwa akinyoosha mkono kuelekea Kibo, kilele kikubwa cha Kilimanjaro. Nilikuwa nimeshaingia sekondari ndipo nikajua kwamba Ararati ni mlima mwingine, tena wa nchi ya mbali. Kwa hiyo alipokuja kunitembelea Dubai, ninakofanya kazi, na likizo yangu ikaangukia Oktoba, sikuwaza sana pa kumpeleka. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ni mwendo wa saa tatu hivi kwa ndege.

Mabasi ya watalii yapo, na bei yake ni nafuu. Lakini basi lina ratiba yake, na magoti ya baba hayawezi kukimbizana na saa. Nikakodi gari la peke yetu pamoja na dereva kwa siku nzima, twende kwenye monasteri za Khor Virap na Noravank, na kijiji cha Areni kwenye mashamba ya mizabibu, tukae mahali kadiri tunavyopenda. Mwenye mzazi mtu mzima na uwezo kidogo, ningemshauri afanye hivyohivyo.

Tuliondoka Yerevan saa mbili asubuhi kwa barabara ya kusini, ileile inayokwenda hadi mpaka wa Iran. Majengo yalipoanza kupungua, mlima ukajitokeza wote upande wa kulia, bila wingu hata moja. Ararati ina vilele viwili. Kile kikubwa kina mita 5,137 na theluji yake haiishi. Kile kidogo kimesimama pembeni, kimechongoka, hakina theluji. Baba alishusha kioo cha gari akautazama kwa muda, kisha akasema, “Na wenyewe una Mawenzi yake.”

Dereva akaegesha gari pembeni bila kuombwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, Kiingereza chake kinatosha, na nilipomtafsiria alichosema baba akataka kujua habari za mlima wetu. Je, mzee amewahi kuupanda? Nikamwambia kwamba baba alikuwa mpagazi ujanani, alibeba mizigo ya Wazungu mpaka chini ya kilele kabla hajaitwa kwenye uinjilisti. Dereva akatikisa kichwa. Akatuonyesha mstari wa miti mbele ya mlima: pale unapita mto Araks, na ng’ambo ya mto ni Uturuki. Mpaka huo umefungwa tangu 1993. Mlima uko kwenye nembo ya taifa la Armenia, safina ikiwa juu yake, lakini mlima wenyewe uko nchi nyingine. Wazazi wa bibi yake walikimbia kutoka upande ule mwaka 1915, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Waarmenia, na mpaka leo hakuna mtu wa ukoo wake aliyerudi kuukanyaga. Baba alimshika bega. Hakuniomba nitafsiri kitu.

Khor Virap imejengwa juu ya kilima kidogo katikati ya mashamba, imezungushiwa ukuta, na chini yake kuna makaburi ya kijiji. Njiani wamesimama vijana wenye njiwa mikononi. Unawalipa, unamrusha njiwa, naye anarudi kwa mwenyewe. Kanisa kubwa lililo katikati ya ua ni la mwaka 1662. Lakini watu hawaendi kule kwa ajili ya hilo. Wanakwenda kwa ajili ya shimo.

Kisa chake baba alikuwa akikijua kwa vitabu vya historia ya Kanisa, akanisimulia tukipanda ngazi taratibu. Mfalme Tiridati wa Tatu wa Armenia alimtupa Mkristo aitwaye Gregori katika shimo hilo kwa kuwa alikataa kuitolea sadaka miungu yake, akamwacha humo afe. Gregori hakufa. Alikaa humo miaka 13 hivi, kwa sababu kulikuwa na mama mmoja mjane aliyemdondoshea mkate kila siku. Mfalme akaja kushikwa na wazimu, dada yake akaota ndoto kwamba mtu pekee wa kumponya ni yule mfungwa, wakamtoa, akamwombea mfalme akapona. Kwa mapokeo yao, mwaka 301 mfalme akabatizwa na Armenia ikawa nchi ya kwanza kuufanya Ukristo dini ya taifa.

Kuingia shimoni ni kwa tundu lililo kwenye sakafu ya kikanisa kidogo pembeni. Tundu lenyewe linamtosha mtu mmoja, na ngazi ni ya chuma, imesimama wima kabisa, kina cha mita 6 hivi. Nilimwambia baba abaki juu. Akavua koti, akanikabidhi, akauliza, “Mama, nimetoka Marangu kuja kuchungulia?”

Dereva alitangulia. Nikiwa juu niliuona mkono wake ukikishika kiatu cha baba, kile cheusi tulichokinunua pamoja sokoni Deira, akikiweka kwenye kila pao la ngazi, kisha anahamia kiatu cha pili. Waliteremka hivyo, pao kwa pao, dereva akisema neno moja kwa Kiarmenia kila kiatu kinapokaa sawasawa, na baba akimjibu “haya” kila mara. Nami nikafuata.

Chini ni chumba cha mviringo, kuta zake nyeusi kwa moshi wa mishumaa ya miaka mingi. Kuna joto na hewa ni nzito. Tulikuwa na kina mama wawili wa Kiarmenia na kijana wao, wamewasha mishumaa myembamba ya manjano na kuichomeka kwenye mchanga. Baba aliangalia juu kwenye lile tundu, sijui kwa muda gani. Kisha akaniambia nimuulize dereva: yule mjane aliitwa nani?

Dereva hakujua. Akawauliza wale kina mama. Mmoja akataja jina, mwenziwe akakataa, kijana akasema hilo ni jina la dada wa mfalme. Wakabishana, chumba kikajaa sauti, na mwisho wakakubaliana kwamba kisa hakikuliweka jina lake. Walionekana kusikitika, hasa yule mama mkubwa, ambaye alisema kwamba tangu utotoni amesikia habari za Gregori na hajawahi kuuliza hilo.

“Waambie,” baba akasema, “bila huyo mama pasingekuwa na mtu wa kutolewa shimoni.” Nikawaambia. Mama mkubwa akachukua mshumaa mwingine kwenye mkoba wake, akampa baba, akamwonyesha pa kuuchomeka. Sisi Walutheri wa kwetu si watu wa kuwasha mishumaa kwa ajili ya waliotangulia. Baba aliuwasha.

Kutoka hapo barabara inapanda milima mikavu, kisha inashuka katika bonde la mto Arpa, mkoa wa Vayots Dzor. Baba alilala usingizi sehemu kubwa ya njia. Aliamka tulipoingia kwenye korongo la Noravank, ambako kuta za mwamba mwekundu zimekaribiana hivi kwamba ilibidi tuinamishe vichwa kwenye madirisha ili kuona mbingu.

Noravank ilianzishwa mwaka 1205, na jiwe lake ni la rangi ya asali mbele ya mwamba ule mwekundu. Kanisa ambalo kila mtu hulipiga picha lilikamilika mwaka 1339, kazi ya mwisho ya mchongaji na mjenzi Momik: chini ni chumba cha makaburi, juu ni kanisa, na ngazi zake mbili ni vidato vya mawe vilivyochomoza kwenye ukuta wa mbele, havina mahali pa kushika. Nilipanda. Kupanda si kazi. Wakati wa kushuka niligeuka nikashuka kinyumenyume, mikono ikiwa kwenye vidato vya juu, na dereva akinielekeza kutoka chini.

Baba hakutaka ngazi tena. Alikaa mbele ya mlango wa jengo la pili, ambako juu ya dirisha amechongwa Mungu Baba mwenyewe, kichwa kikubwa, ndevu ndefu, macho marefu ya watu wa nchi ile, mkono wa kuume umebariki. Nilidhani angekemea, maana alitufundisha kutomchora Mungu. Alisema tu kwamba mchongaji huyo lazima alimpenda sana baba yake.

Ndani, kwenye kikanisa cha pembeni, sakafu yote ni mawe ya makaburi ya watawala wa ukoo wa Orbelian. Moja limechongwa umbo la simba, la mwaka 1300. Wageni walikuwa wakitembea juu yake yote, lakini baba alisimama mlangoni. Kwetu kaburi halikanyagwi. Dereva akaeleza kwamba wenye makaburi walitaka hivyo wenyewe, wakanyagwe na waumini, kwa unyenyekevu. Baba alisikiliza, akashukuru, akatembea akiambaa ukuta mpaka kwa simba, akarudi kwa njia ileile. Nami nilimfuata nikiambaa ukuta.

Mdomoni mwa korongo, karibu na kijiji cha Areni, kuna pango. Humo wanaakiolojia walikuta kiwanda cha mvinyo cha zaidi ya miaka 6,000: sinia la udongo la kukanyagia zabibu, limeinamia upande mmoja, na mtungi uliofukiwa wa kupokea maji yake. Humohumo mwaka 2008 kilikutwa kiatu cha ngozi cha miaka 5,500 hivi, kina kamba zake na nyasi ndani. Kilichomshika baba ni kwamba makaburi yalikuwa papo hapo kando ya kiwanda. “Basi walikuwa wanawagawia,” alisema kwa sauti ya chini. Bibi yangu, mama yake, hakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kumwaga kidogo chini, na baba, pamoja na uinjilisti wake, hajawahi kumsema vibaya kwa hilo.

Kando ya barabara ya Areni wanauza mvinyo wa nyumbani katika chupa za soda. Dereva alisema madereva wa malori ya Iran ndio wateja wakubwa, kwa sababu chupa ya soda haivuti macho mpakani. Kuna pia kumbi nzuri za kuonja, zenye glasi ndefu. Sisi alitupeleka nyumbani kwa watu anaowafahamu, na nafurahi kwamba hatukwenda kwenye kumbi.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Kreti za zabibu nyeusi zilijaa uani, nyigu wakizizunguka, na bibi mwenye nyumba, wa rika la baba, alikuwa akisukuma maganda ndani ya chombo kwa mti mrefu. Zabibu za Areni zina ganda gumu, zinastahimili baridi ya kule juu. Bibi alieleza kwamba maji na maganda hukaa pamoja siku kadhaa, na maganda hupanda juu, kwa hiyo lazima yarudishwe chini mara kwa mara, mchana na usiku. Maneno yalitoka Kiarmenia kwenda Kiingereza kwenda Kiswahili, na baba hakusubiri yafike. Aliinama, akatega sikio kwenye chombo.

Bibi akacheka kwa sauti, akajigonga sikio lake mwenyewe. Naye huwa anasikiliza hivyo.

Tangu hapo sikuwa na kazi ndogo. Baba alimweleza mbege mwanzo hadi mwisho: ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa zichachuke, zinachujwa, unatiwa uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Ulezi ulimshinda dereva kabisa; tulimwonyesha picha kwenye simu. Bibi aliuliza mbege inakaa muda gani. Baba alipojibu kwamba kesho yake imeshakuwa kali na keshokutwa haifai, alisikitika kwa niaba yetu.

Kisha akatukaribisha mezani: jibini, majani mabichi, nyanya. Lavashi ilikuwa imekaukia kwenye rafu, mikate mipana, myembamba, inayovunjika ukiigusa. Akachovya vidole kwenye bakuli la maji, akairushia matone, akaifunika kitambaa, na tulipomaliza kunawa ilikuwa laini, inakunjika. Ikikauka hivyo hukaa miezi. Baba alikunywa kiglasi kimoja cha mvinyo, mwekundu, mkali kidogo, akasema ni mzuri, akageuza glasi. Bibi alikataa malipo ya chakula. Chupa tulizobeba ndizo alizokubali kuuza.

Baba aliporudi Marangu, mchungaji alimwomba ahubiri Jumapili moja awaeleze watu habari za Ararati. Mlima aliutaja kwa sentensi mbili, mama aliniambia. Muda wote uliobaki alihubiri habari za mjane. Baada ya ibada kina mama wa usharika walimzunguka nje. Hawakuuliza jina lake, walitaka kujua huo mkate ulikuwa wa aina gani, maana chapati ukiidondosha mita 6 gizani inafika na mchanga, na mkate wa boflo wa kila siku mjane angeupata wapi. Baba hakuwa na jibu, kwa hiyo mama akanipigia Dubai palepale, simu ikiwa imewekwa spika, kina mama wote wakisikiliza. Nikawaeleza lavashi: unga, maji na chumvi, inabandikwa kwenye ukuta wa tanuri lililochimbwa ardhini, inakaushwa, inawekwa. Mmoja akauliza kama mtu anaweza kuipika kwa jiko la mkaa, na mwingine akasema niwatumie picha.