Kiti cha Zai: tulivyopata pa kumkalisha mtoto wakati wa kula kambini

Zai alikuwa na miezi 14 tulipompeleka kupiga kambi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Julai, Mikumi. Kwetu sisi wa Morogoro Mikumi ni jirani: unashika barabara ya Iringa alfajiri, na jua likiwa bado changa unaona swala kando ya lami. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio hifadhini, hema tulikuwa nalo tangu kaka yake Idi akiwa mdogo, basi tukaona twende. Nilichohangaikia ni baridi ya usiku na mbu. Nilifunga sweta tatu, soksi, chandarua, dawa ya homa. Pa kumkalisha mtoto wakati wa kula sikupafikiria kabisa, maana nilijua kiti ninacho.

Kiti chenyewe ni kile cha kubana kwenye ukingo wa meza. Hakina miguu. Kina vyuma viwili vinavyoing'ata meza juu na chini, mtoto ananing'inia katikati kwenye kitambaa. Nyumbani kilitufaa sana, kwa sababu meza yetu ni ya mninga na kuisogeza kunataka watu wawili. Kambini tulikuwa na meza ya kukunja ya alumini, naibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto.

Tulipakua wali na maharage ya nazi giza likianza kuingia. Birika la chai lilikuwa mezani. Zai akafurahia kijiko chake, akajitupa nyuma kama watoto wanavyofanya wakicheka, na nikaona miguu ya meza ya upande wa Idi ikinyanyuka kutoka ardhini. Ikanyanyuka taratibu kabisa, kimyakimya. Birika likaanza kuteleza kuelekea kwa Zai. Baba Idi akaibana meza kwa viganja vyote viwili, mimi nikamkumbatia mtoto pamoja na kiti chake, chai ikamwagika majanini. Hakuungua mtu. Lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka nikashindwa kushika kijiko, na usiku ule sikula tena.

Baadaye nilisoma karatasi iliyokuja na kiti. Imeandikwa wazi kwamba kisitumike kwenye meza nyepesi wala meza ya kukunja. Sababu mtu akiitazama anaielewa mara moja: uzito wote wa mtoto unaning'inia nje ya miguu ya meza. Meza nzito inamzidi nguvu. Meza nyepesi inageuka kuwa ubao wa kubembea, na upande wa pili kuna sufuria ya moto. Mwenye kiti cha namna hii nampa neno moja tu, na ninalisema kwa uzito wote: kiache nyumbani.

Asubuhi nikamweka kwenye kiti cha turubai cha kukunja, kile cha watu wazima kinachobonyea katikati. Hapo nikapata somo la pili. Kiti kile kimetengenezwa kwa mtu anayepumzika, si anayekula. Makalio ya mtoto yalizama, magoti yakapanda karibu na kifua, kichwa kikaegemea nyuma. Nikampa kipande cha kiazi cha kuchemsha, kikaenda vibaya. Akakohoa, uso ukawa mwekundu. Nilimnyanyua nikamwinamisha mbele, nikamwacha akohoe, kwa kuwa sauti ilikuwa inatoka na mtoto anayekohoa kwa nguvu bado anapitisha hewa. Kiazi kikatoka. Akalia, akanyonya, akalala.

Siku mbili zilizobaki nilimpakata. Kumpakata mtoto wa umri ule wakati wa kula maana yake mmoja wenu hali, au anakula kilichopoa. Na mkono mmoja hautoshi kulinda chakula kambini. Jumapili tumbili alishuka, akamnyang'anya Zai ndizi mkononi, pajani kwangu. Hakumkwaruza, namshukuru Mungu. Wazo la kula ndani ya hema nalo halikuwepo, kwa sababu askari wa hifadhi alikuwa ametuonya siku ya kwanza: chakula na hata harufu yake visiingie hemani, tembo na fisi wanazifuata.

Tuliporudi nilifikiri labda tungoje mpaka afike miaka mitatu. Watu wawili walinibadilisha mawazo.

Wa kwanza ni muuguzi wa kliniki tunakompima uzito. Nilimweleza habari ya kiazi. Akaniambia mtoto anayekula akae makalio yakiwa yamegusa nyuma, mgongo wima, na nyayo zimekanyaga kitu. Hilo la nyayo sikuwahi kulisikia. Akasema, "Mama, kaa kwenye kiti kirefu cha kaunta, miguu ining'inie, ule sahani nzima ya wali. Utaona unavyochoka." Nilijaribu kweli. Ndani ya dakika chache nilikuwa natafuta pa kuweka miguu. Mtoto naye anatafuta vilevile, ndiyo maana anajipindapinda na kujisukuma, na sisi tunamwambia atulie.

Wa pili ni mama mkwe wangu, mtu wa Pangani. Alikuja kututembelea Agosti akamkuta Baba Idi akifikiria kununua meza nzito zaidi ya kambi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mama Idi, kwani meza ndiyo inayokula? Ishusheni. Nyie wote sita nimewalea wapi kama si kwenye mkeka?"

Aliposema "nyie wote sita" alikuwa anamtazama mwanawe. Mume wangu amekulia kwenye sinia, watu wameizunguka, mtoto mdogo kuliko wote yuko katikati ya miguu ya bibi yake. Meza ya kambi tuliinunua sisi wenyewe, hakuna aliyetulazimisha. Mtoto akiwa chini hana pa kuanguka. Nilijisikia kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima na upo mlangoni.

Septemba tukaenda Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, na safari hii meza ilibaki nyumbani. Tulibeba jamvi kubwa, sinia, na beseni pana la plastiki. Beseni ndiyo ilikuwa kiti cha Zai. Nilikunja shuka nikaiweka chini, nikazungusha khanga mgongoni mwake mpaka akakaa imara. Beseni lina faida nyingi kambini: chakula kinachodondoka kinabaki humo, mtoto hawezi kutambaa kuelekea jikoni bila wewe kuona, na mkimaliza kula linaoshewa vyombo. Kwa mtoto wa miezi tisa au kumi aliyekwisha kaa mwenyewe, sijaona kinacholishinda.

Lakini Zai alikuwa na miezi 16. Miguu yake ilinyooka mbele, nyayo hazikukanyaga kitu, na kila alipotaka kufikia sinia aliegemea ukingo, beseni likainama naye. Halafu usiku wa pili wakaja siafu.

Msitu ule ni mbichi, na siafu wana njia zao. Hawakuja kwa ajili ya wali wetu, walikuwa wanapita. Idi ndiye aliyewaona, mstari mweusi mnene kama kamba ukiingia ukingoni mwa jamvi. Baba Idi alilinyanyua beseni na mtoto ndani yake, akalipeleka moja kwa moja kwenye gari, Zai bado ameshika kipande cha boga. Sisi wengine tuling'atwa miguuni tukikung'uta jamvi. Tangu siku ile, kabla ya kutandika chochote mmoja wetu anazunguka na tochi kwa hatua kumi kila upande, anaangalia ardhi, anaangalia na chini ya magogo kwa ajili ya nge. Na nilijua Zai anataka kitu cha kumnyanyua kidogo kutoka ardhini, kidogo tu, kisirudi kuwa meza.

Nikaenda kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee. Nilimwamkia, nikampakata Zai, nikamweleza. Hakunionyesha kiti chochote alichokuwa nacho tayari. Alichukua futikamba, akamsimamisha mtoto kwenye benchi lake la kazi, akampima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Sentimita 18. Akampima tena akiwa amekaa, kutoka nyuma ya kiuno mpaka nyuma ya goti, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Akaniuliza, "Mtakitumia kwenye sakafu au mchangani?" Nikamwambia mchangani, tunafikiria kwenda Ushongo, pwani ya Pangani, mwezi wa kumi na mbili. Akasema basi miguu minne haifai, itazama mmoja baada ya mwingine.

Alichotengeneza ni kiti cha mbao za paini, chepesi, chenye mgongo wima na mikono miwili. Chini, badala ya miguu minne, kuna mbao mbili bapa zinazolala ardhini kutoka mbele mpaka nyuma, kama ngalawa iliyopandishwa pwani. Zinapita kiti kwa kiganja kizima mbele na nyuma, kwa hiyo mtoto akijitupa nyuma bado uzito wake uko juu ya mbao. Hapo nilikumbuka ile meza ya Mikumi nikaelewa mzee amefanya kinyume chake kabisa. Juu ya mikono kuna ubao unaowekwa na kutolewa, wa kubebea kibakuli. Mgongoni alitoboa matundu mawili ya kupitisha khanga. Rangi aliikataa, akasema mtoto atautafuna ubao tu, sasa kwa nini atafune na rangi. Akaupiga msasa mpaka ukawa laini, mimi nikaupaka mafuta ya nazi. Shilingi 25,000.

Khanga ile ningependa kuieleza vizuri kwa sababu ndiyo inayofanya kazi kubwa. Naikunja mara nne kwa urefu iwe kama mkanda mpana. Inapita juu ya mapaja, karibu kabisa na kiuno, haipandi tumboni, kisha inaingia kwenye matundu na kufungwa nyuma kwa fundo la kuvuta, ncha moja ikivutwa lote linafunguka. Naijaribu kwa kupitisha vidole viwili kati ya khanga na mtoto. Sijawahi kumwacha amefungwa nikaenda hata kuchukua chumvi. Kufungwa kunamsaidia akae, hakuchukui nafasi ya mtu mzima kando yake.

Ushongo tulifika baada ya kuvuka mto Pangani kwa kivuko, joto la Desemba, mchanga umejaa mashimo ya kaa. Jioni ya kwanza tulitandika jamvi upande upepo unakotoka, ili moshi na cheche za jiko ziende mbali nasi. Jiko tunaliweka hatua sita kutoka jamvini na Idi anajua mstari wa kutouvuka. Chai na mchuzi wa moto havikanyagi jamvi mpaka vipoe, vinabaki upande wa jiko. Hili nilijiwekea tangu lile birika.

Nikamkalisha Zai. Makalio nyuma, khanga, ubao. Nyayo zake zikagusa mchanga, akavikunja vidole, akavikunjua, akatazama chini muda mrefu. Kisha akaanza kula. Samaki niliomchambulia kwa vidole mara mbili, wali wa nazi, kipande cha embe. Alikula bila kujipinda, bila kusukuma, karibu nusu saa, na mimi nilikula chakula changu kikiwa cha moto kwa mara ya kwanza kambini tangu azaliwe. Baba Idi aliniangalia, akanisogezea upande wa sinia wenye samaki, hakusema kitu.

Yapo ambayo kiti hakiyafanyi. Hakiondoi hatari ya chakula chenyewe: karanga nzima hapati, soseji naikata kwa urefu halafu vipande vidogo, karoti naichemsha. Hakitumiki garini, na garini hatumlishi, tunasimama kando penye kivuli. Na uji wa asubuhi mpaka leo anataka kuunywa akiwa amesimama, ameshika mkono wa Idi. Hapo namwachia nusu kikombe, nusu nyingine tunamalizia kitini.

Wiki iliyopita niliona magoti yake yamepanda juu kuliko kiuno anapokaa. Nimekirudisha kiti kwa fundi. Amempima tena kwenye benchi lilelile, sentimita 21, na amesema ataongeza kipande chini ya kiti bila kugusa zile mbao bapa. Kitakuwa tayari Ijumaa.