Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya ubalozini, Maskati mpaka Ibra

Watu wa kwetu wakisikia nafanya kazi ubalozini kitu cha kwanza wanachouliza ni viza, mama zangu wadogo wote, mashoga zangu, hata jirani kaniomba nimuulizie mwanawe. Viza mi sitoi jamani. Mi niko kitengo cha siasa na miradi, mfanyakazi wa hapa hapa, Muomani niliyezaliwa Maskati na wazee waliotoka Unguja, na ubalozi wenyewe ni wa nchi moja ya Ulaya, jina tuliache. Kazi yangu ni ruzuku ndogo ndogo na mafunzo: jumuiya za wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, habari za mabaraza ya manispaa, namna raia anavopeleka shida yake pale inapotakiwa ifike. Kwenye makaratasi ya wakubwa inaitwa kusaidia demokrasia na ushiriki wa raia. Basi nawaandikia Jumatano moja nzima, asubuhi mpaka usiku, muone inakuwaje.

Saa 12 asubuhi

Natoka Mawaleh mapema manake ukichelewa kidogo tu barabara ya Sultan Qaboos inajaa na huendi popote. Chai ya maziwa kwenye chupa, mandazi ya mama kwenye foili, nakula nikiwa kwenye foleni. Watoto wanapelekwa skuli na baba yao siku za Jumatano, tumeshakubaliana.

Saa 1 na nusu

Shatti al-Qurum, mtaa wa mabalozi. Geti, mashine, simu kwenye kikabati, ndani.

Kabla ya safari napitia faili la Ibra, mji wa Sharqiya tunakoenda leo kwa semina, karatasi moja moja. Hapa Oman jumuiya inaishi kwa leseni ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, sheria yake ni Amri ya Sultani nambari 14 ya mwaka 2000, na hela ya nje haipokelewi mpaka wizara iseme sawa. Kwahiyo sisi tunaandika noti, yaani barua rasmi ya ubalozi, kwenda Wizara ya Mambo ya Nje, wenzetu wa jumuiya wanaandika barua yao kwenda wizara yao, jina la mkufunzi linapelekwa, mada inapelekwa, tarehe inapelekwa, halafu tunakaa tunasubiri, na ukiuliza unaambiwa inshallah, na kweli siku moja inatoka. Ofisa mpya akija kutoka Ulaya anaona huu ni usumbufu mtupu. Mi sioni hivo hata kidogo. Bahrain mwaka 2006 mwakilishi wa NDI, ile taasisi ya Wamarekani ya mambo ya demokrasia, ilibidi aondoke miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Imarati mwaka 2012 ofisi ya NDI ilifungwa, na ya wakfu wa Konrad Adenauer wa Wajerumani nayo ikafungwa. Mgeni akifungiwa ofisi anapanda ndege anaenda zake, ila dada aliyekuwa anakaa naye kwenye semina anabaki hapa na ukoo wake na kazi yake na maswali ya watu. Ndo maana muhuri wa wizara nautaka uwepo hata kwa semina ya watu kumi, namlinda yule dada.

Leo faili limekamilika, muhuri upo. Pembeni kuna maombi mengine mapya yamerundikana. Toka Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 na baadae miradi mingi ikakatwa moja kwa moja, watu wa nchi hizi zetu wanapiga simu kwa balozi yoyote wanayoijua. Wamarekani ndo walikuwa na mfuko mkubwa wa mambo haya kwenye nchi za Kiarabu, ule wa MEPI ulioanzishwa Desemba 2002 enzi za waziri wao wa mambo ya nje Colin Powell. Sisi hela yetu haiwezi kuziba pengo lile, na kuwajibu watu kwamba haiwezi ni kazi inayonichosha roho kuliko zote, manake unasoma andiko zuri, unamuona kabisa mtu alivokesha akiliandika, halafu unamwandikia samahani.

Saa 3 kasoro robo

Safari. Kwenye usukani yuko ami, dereva wetu, mzaliwa wa Wete, alikuja huku kijana miaka ya sabini wakati Sultan Qaboos alipowaita watu warudi wajenge nchi. Nyuma mi na bosi wangu, dada wa miaka thelathini na kitu, mtu muelewa sana. Tunapita Bidbid tunashika njia ya Sharqiya, milima mitupu rangi ya kahawia kushoto kulia.

Kikao cha leo tunafanyia humo humo garini. Makao makuu wametuma fomu mpya ya kupima mradi na mstari mmoja unauliza: wanawake wangapi waliopata mafunzo watagombea uchaguzi ujao? Nikamwambia bosi, mstari huu tusiujaze. Akauliza kwanini, si ndo lengo? Nikamwambia hapana, sisi hatutengenezi wagombea, siku itakayosemwa mtaani kuwa fulani ni mgombea wa ubalozi basi tumemmaliza yeye na kila mwanamke atakayekuja baada yake. Tuandike wanawake wangapi wameshapeleka ombi lao kwenye baraza la manispaa na limejibiwa vipi. Kanyamaza kidogo, kisha akasema niandikie hoja hiyo, ntaituma kwa jina langu. Ami huko mbele, ambaye siku zote haingilii mambo ya ofisi, akanambia kwa Kiswahili, "Mwanangu hapo umesema." Nilifurahi.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajui Oman ilivo. Vyama vya siasa hakuna. Kuna Majlis al-Shura, yaani baraza la ushauri, lilianza 1991, sasa linachaguliwa na wananchi kila miaka minne, na toka 2003 kila Muomani aliyefika miaka 21, mume na mke, anapiga kura. Lipo na Baraza la Dola ambalo wote wanateuliwa na Sultani. Halafu mabaraza ya manispaa yenye wajumbe wa kuchaguliwa, uchaguzi wa kwanza ulikuwa Desemba 2012. Wanawake kuingia Shura hakukuanza jana, mwaka 1994 walipita wawili. Mwaka 2019 wakapita wawili. Mwaka 2023 viti 90, hakupita hata mmoja. Wapiga kura wanawake wapo tele, shida iko kwengine: kampeni ya kwelikweli inafanyika kwenye sabla, pale wanapokaa wanaume wa kabila na kahawa yao, na ukishasikia ukoo fulani umekubaliana juu ya mtu basi mengine ni kukamilisha tu.

Saa 4 na nusu

Ibra. Jumatano ni siku ya Souq al-Harim, soko la wanawake, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake, wanaume hawaingii. Ami akabaki kwenye gari na gazeti lake. Mi na bosi tukapita kidogo kabla ya semina, vitambaa, udi, hina, mafuta ya nywele, nguo za watoto, bibi mmoja kaweka mbele yake hanjifu za dukani na vyombo vya manukato. Nikamsalimia kwa Kiarabu akaniangalia usoni, akanijibu kwa Kiswahili safi cha Ng'ambo, "Weye mtoto wa nani?" Ikabidi nianze kutaja babu na babu mpaka akampata mtu anayemjua. Mkoa huu wa Sharqiya nusu ya majumba yana historia ya Unguja na Pemba. Bibi akauliza tumekuja kufanya nini, nikamwambia kuna mafunzo pale jumuiya ya wanawake, mambo ya manispaa. Akasema, "Basi nami ntakuja, biashara ya leo ishakwisha."

Na akaja.

Saa 5 mpaka saa 7

Ukumbi mdogo, mazulia, dele la kahawa na tende mlangoni. Mkufunzi ni wakili, Muomani, mwanamke, sisi wa ubalozini tunakaa kiti cha nyuma kabisa na hatusemi. Hiyo ni kanuni niliyoiomba mwenyewe: hela na ukumbi ni vyetu, maneno ni yao.

Mada ni moja tu, namna ya kupeleka ombi kwenye baraza. Kuna dada mmoja, mwalimu wa skuli ya msingi, alikuja na karatasi yake imeandikwa "tunaomba taa, njia ya skuli ina giza". Wakili akamrudisha chini aiandike upya. Njia ipi? Kutoka wapi mpaka wapi? Nguzo zipo hazina taa au nguzo hazipo kabisa? Nani anapita na saa ngapi? Mmeshapiga simu wapi na mkajibiwa nini? Yule mwalimu kakaa pembeni na wenzake wawili, mmoja anamchorea ramani nyuma ya karatasi, wanabishana kama ni kuanzia dukani au kuanzia kwenye bonde, na mara ya pili aliposimama ombi lilikuwa limekuwa kitu kingine: kuanzia dukani mpaka geti la skuli, nguzo zipo, taa hazijawahi kuwaka toka zilipowekwa, wasichana wa masomo ya jioni wanatoka wakati jua limeshazama, tumeshapiga simu manispaa na hii hapa namba ya malalamiko. Mkono ulikuwa unamtetemeka, karatasi inasikika inavopiga kelele, lakini sauti haikutetemeka.

Alikuwepo na mjumbe mmoja wa baraza la manispaa, kaalikwa na jumuiya. Akawa mkweli, akasema sisi baraza tunatoa maoni na mapendekezo, amri na pesa viko kwa gavana na wizara. Mama mmoja akamuuliza sasa kama ni mapendekezo tu, kwanini tuje kwenu? Akamjibu, "Kwasababu bila karatasi kama hii ya mwalimu sina cha kupendekeza." Akaichukua pale pale. Mi kwa kweli jibu lile limenitosha kuliko hotuba nyingi nilizozisikia kwenye mahoteli ya Maskati, kwasababu watu walielewa mamlaka yanaanzia wapi na yanaishia wapi, na hawakudanganywa.

Baada ya sala ya adhuhuri ndo bibi wa soko akanyanyua mkono. Akaanza Kiarabu, katikati akachanganya Kiswahili, nusu ya ukumbi wakaelewa wakamtafsiria nusu nyengine. Uchaguzi wa 2023 ulikuwa wa simu tupu, kwa programu ya Antakhib, unasoma kitambulisho chako kwa simu, unajipiga picha ya uso, unachagua. Bibi akasema zamani alikuwa anaenda mwenyewe skuli anapanga foleni anapiga kura yake. Safari hii mjukuu ndo alishika simu. "Kanambia bibi angalia hapa, nikaangalia, kanambia basi umeshachagua. Nimemchagua nani? Wallahi sijui."

Ukumbi wote ukawa na maneno. Mmoja anasema kwao mume ndo aliyebonyeza za nyumba nzima. Mwengine akasema yeye asingepiga kabisa bila ile simu, alikuwa kitandani na mimba ya miezi minane. Na kweli, mgonjwa kapiga kura, mama asiye na gari kapiga kura, Waomani walioko nje ya nchi wamepiga kura, hilo huwezi kulikataa. Lakini kule skuli kulikuwa na pazia, na nyumbani pazia hakuna. Hili ndo linaloniuma mimi na ntalisema kila kikao nitakachoitwa: mwanamke aliyepewa haki ya kupiga kura asinyang'anywe na mtu wa nyumbani kwake mwenyewe, hata kama kamsaidia kwa mapenzi. Wakili hakuzungumzia mgombea yoyote, kasema tu anayemsaidia mzee amsomee majina yote mpaka mwisho, amsubiri ataje jina, abonyeze alilotajiwa, na asiende kulisimulia. Bibi akamwambia msichana aliyekaa pembeni yake, "Umesikia? Ukamwambie na kaka yako." Kumbe mjukuu wake mwengine huyo.

Saa 8 mchana

Wali na kuku, tumekula wote kwenye sinia chini, bosi na yeye. Nikakusanya risiti za chakula na ukumbi, mkufunzi akatia saini, nikahesabu mahudhurio upya kwasababu bibi hakuwa kwenye orodha. Njiani kurudi bosi kalala, mi na ami tumepiga soga za Wete mpaka Bidbid.

Saa 11 jioni

Nyumbani, watoto, kazi za skuli, chakula. Sina la kusimulia hapo.

Saa 3 usiku

Laptopu mezani. Ripoti naandika siku hiyo hiyo kabla sijasahau nani kasema nini, na majina ya washiriki siyaweki, naandika "mwalimu", "mfanyabiashara wa sokoni". Hoja yangu juu ya ule mstari wa fomu nimeimaliza, kurasa moja na nusu, mfano ni karatasi ya taa.

Katibu wa jumuiya keshatuma meseji. Wanataka semina ya pili, safari hii wakae pamoja na vijana wa kiume wa mtaa, mada iwe namna ya kumsaidia mzee kupiga kura bila kumpigia, na wanataka iwe kabla ya uchaguzi wa mabaraza. Nimemjibu kuwa ikiwa ndani ya miezi ya uchaguzi sisi hatutakuwepo, kwahiyo iwe mapema sana au waifanye wenyewe bila hela yetu, na mkufunzi wanaye. Kajibu watafanya vyote viwili. Basi barua ya wizarani naianza usiku huu, noti ya Mambo ya Nje bosi ataitia saini kesho asubuhi, na nimemwambia katibu na yeye apeleke yake Jumapili bila kuchelewa.