Nilivyopanga roboti zangu kwa skeli bila kuamini picha za wauzaji

Rafu yangu ya roboti za kuchezea na za mapambo iko chumbani, hapa Ngamiani, Tanga, na kwa muda mrefu nikiitazama inanikera. Optimus Prime, yule wa Transformers wanaogeuka magari, kalingana kimo na Gundam, roboti wa katuni za Kijapani, halafu sanamu moja ya resini (aina ya plastiki ya kumimina) inawazidi wote kwa sababu tu imesimamishwa juu ya mwamba. Vurugu hii inaletwa na picha. Muuzaji anaiweka kamera chini, usawa wa miguu, na kitu cha sentimita 12 kinageuka jitu.

Nilianza na Gundam maana hesabu yake haina ubishi. Kwenye hadithi, RX-78-2, Gundam wa kwanza, ana mita 18 mpaka utosini. Skeli ni kusema amepunguzwa mara ngapi: gawa kwa 144, yaani 1/144, unapata sentimita 12.5, kwa 100, sentimita 18, kwa 60, sentimita 30. Bandai, kampuni inayowatengeneza, huiandika skeli kwenye boksi, kwa hiyo kilichobaki ni kuhakikisha. Nikaenda kwa fundi cherehani jirani kuazima tepu.

"Yakhe, unampimia nani suruali?"

"Roboti, mzee wangu."

Akanikodolea macho, kisha akanipa. "Irudi kabla ya adhuhuri, nina gauni la watu."

Nilipima kutoka unyayo hadi utosi, pembe za kichwani sikuzihesabu. Kwa sanamu nilitoa kitako na upanga ulioinuliwa, ambavyo wauzaji wengi huvijumlisha kwenye urefu. Ile ya resini ikashuka papo hapo.

Transformers ndio walionitoa jasho. Majina kama Deluxe na Voyager ni madaraja ya ukubwa na bei, si skeli. Nikatumia ujanja: kwenye kadi ya mchango wa harusi (zipo tele nyumbani) nikakata watu wa mita 1.75, yaani sentimita 1.2 kwa 1/144 na sentimita 1.75 kwa 1/100. Nikamgeuza Optimus kuwa lori na kuwasimamisha watu wa kadi, mmoja mmoja, mlangoni pa dereva. Wote wawili wakaonekana kama watoto waliotumwa dukani. Kwa mlango ule alitakiwa mtu mkubwa zaidi. Bumblebee alipokuwa gari, mlango wake ulidai mtu mkubwa kuliko hata wa lori. Ndiyo kusema Optimus na Bumblebee hawatoki dunia moja, ingawa wameuzwa kama ndugu.

Unakshi ni habari nyingine, na hapa ninabishana na wanaodhani kikubwa ndicho kilichochongwa vizuri. Roboti ninayoipenda kuliko zote ni Gundam wa daraja la RG (Real Grade), ya 1/144, inayoenea kiganjani. Mabati yake meupe yana rangi mbili zilizokaribiana, ukisogeza taa ndipo unaziona, na mistari ya maungio ni myembamba kama uzi. MG (Master Grade) ya 1/100 inaishinda kwa jambo moja: ukikunja goti, mabati ya paja yanateleza na kuonyesha mifupa ya ndani. Tena kifuani kuna mlango unaofunguka, na rubani mdogo ameketi humo. Sanamu ya resini ina mikwaruzo na kutu iliyopakwa kwa mkono, ila haikunji hata kidole.

Sasa rafu ya juu ni 1/100 tupu, ya kati 1/144, na Transformers wamekaa chini na ugomvi wao. Ya resini naiuza. Mwenye kuitaka aje na taulo la kuifungia, ni nzito na ncha za vidole zinakatika upesi.