Mita moja au mbili? Hesabu ya pampu yetu ya joto hapa Ujerumani

Mama yangu kule Moshi akiingiza tokeni za LUKU anajua papo hapo ana uniti ngapi. Huku unalipa makadirio kila mwezi, kisha mwaka ukiisha inakuja barua ya hesabu kamili. Barua yetu ya kwanza tangu tung'oe boila ya gesi ilidai nyongeza ya euro 412. Mume wangu aliisoma amesimama, koti hajalivua.

Pampu yenyewe haina kosa. Inavuta joto kutoka hewa ya nje, hata siku za barafu, na kwa wastani wa mwaka uniti moja ya umeme inatupa karibu uniti nne za joto. Ilitumia uniti 4,000 na watoto walilala bila soksi. Tatizo ni kwamba fundi hakuiandikisha kwa kampuni yenye nyaya za eneo letu, kwa hiyo punguzo tulilostahili hatukulipata. Nimegundua Waswahili wenzangu kadhaa wako hivyohivyo, ndiyo maana naandika.

Punguzo hilo liko kwenye kifungu cha 14a cha sheria ya nishati. Pampu iliyofungwa kuanzia Januari 1, 2024, ikivuka kilowati 4.2, lazima ikubali kupunguzwa nguvu nyaya za mtaa zinapoelemewa. Hita ya akiba iliyomo ndani yake nayo inahesabiwa, na yetu ilivuka kwa sababu hiyo. Tuliokulia kwenye mgao tunashtuka tukisikia neno "kupunguzwa". Huu si mgao. Hawaruhusiwi kuizima, lazima wakuachie angalau kilowati 4.2, na taa na jiko haviguswi kabisa.

Punguzo unalopewa kwa kukubali hayo lina njia mbili kubwa. Moduli ya 1 ni kiasi kimoja kwa mwaka, kwetu euro 150, na mita moja inatosha. Moduli ya 2 inaondoa asilimia 60 ya ada ya nyaya (sehemu ya bei inayolipia kusafirisha umeme) kwenye kila uniti, ila pampu lazima iwe na mita yake peke yake. Iko na ya 3, ya ada ya nyaya inayobadilika kwa saa, inayoongezwa juu ya ya 1 kwa wenye mita janja. Hiyo sisi bado.

Hesabu tuliifanya kwenye daftari la shule la binti yetu. Ada ya nyaya kwetu ni senti 10 kwa uniti, asilimia 60 yake ni senti 6, mara 4,000 ni euro 240. Pampu yenye mita yake inasamehewa pia tozo mbili zinazofika kama senti moja kwa uniti, basi ongeza euro 40. Jumla 280 dhidi ya 150. Nilitaka kusaini siku hiyohiyo! Lakini mita ya pili ina ada yake ya mwaka, na mkataba wa pili una ada yake ya msingi, na sanduku letu la mita ni la zamani, halina nafasi. Kulibadilisha tuliambiwa euro 1,800. Faida ya mwaka ingebaki ndogo mno kurudisha fedha hiyo.

Tena tunafunga sola mwezi wa nne. Kwa mita moja, umeme wa paa unaingia kwenye pampu moja kwa moja. Ukiitenga pampu kwenye mita yake, umeme huo hauifikii, mpaka mita zifungwe moja nyuma ya nyingine, na hapo kuna gharama na makaratasi zaidi.

Tukabaki na mita moja, Moduli ya 1. Kama nyumba yako inakula uniti 8,000 na sanduku lina nafasi, hesabu yako itageuka, pengine kabisa. Anza kwa kuuliza kama pampu yako imeandikishwa. Sisi tulituma fomu, na euro 150 zetu zimeonekana kwenye barua ya mwaka huu, mstari wa tatu kutoka chini.